Chambo Alichokipima Abdalla kwenye Falaj

Vijana wangu, nyinyi mnaopita nyumbani kwangu Sur siku za Ijumaa mkielekea baharini, fimbo za kuvulia zimefungwa juu ya gari, mmekuwa mkiniuliza swali moja kwa muda sasa. Samaki bandia mkubwa, yule wa kuvulia chewa na kolekole, achaguliwe yupi: wa mpira au wa viungo? Na mkishaniuliza mnatazamana. Mnatazamana kwa sababu mmeshatoka Izki kwa Abdalla, mmeshakunywa kahawa yake, mmeshapewa jibu, na kwangu mnakuja kuangalia tu kama mzee bado anajua. Nimeona. Macho yangu mabovu kwa kusoma, si kwa hilo.

Basi nitajibu, na nitajibu kwa kirefu, na Abdalla atatajwa humu zaidi kuliko anavyostahiki. Sitojifanya. Mtu huyu nimemuonea gere tangu tuko nyuma ya kaunta moja, na sasa tumestaafu sote wawili bado namuonea. Kuna wanaosema uzee unapoza roho. Yangu haijapoa. Ninachokitaka si kikubwa: nataka mwanangu Yusuf, siku akikwama na chambo, aniulize mie kabla ya kumuuliza mjomba wake, huyo huyo Abdalla. Mtu aliyeuza vyambo maisha yake yote, kutaka hilo kwa mtoto wake mwenyewe si ujeuri.

Duka tulilofanyia kazi lilikuwa la Mzee Khamis, mtu wa Sur aliyelelewa Unguja akarudi kwao na Kiswahili chake kizima. Yeye ndiye aliyenifunza kazi. Mzee Khamis alikuwa hauzi chambo kwa macho. Mteja akiingia akanyoosha kidole kwenye kioo, akasema anataka kile cha buluu, mzee anamwambia, "Geuka." Mteja anageuka, mikono nyuma kama anayesubiri pingu, na mzee anamtia samaki bandia mikononi, mmoja baada ya mwengine, bila ya kumuonyesha. "Kishike kabla hujakiona," ndiyo kauli yake. Wakubwa wa serikali walisimama pale, wameupa mgongo wao ukuta wa vyambo, wanapapasa samaki wa plastiki nyuma ya kanzu zao, na watu wanaopita nje wanashangaa kumezuka mchezo gani.

Sababu yake ni kwamba rangi inamtia mtu wazimu. Mtu akishaona mgongo wa buluu na tumbo la fedha hasikii tena. Lakini mkono unaona uzito, unaona tumbo, unaona mahali palipolegea. Nami nawaambieni mpaka leo: mkiingia dukani, kwanza fumbeni macho, hata mkichekwa.

Samaki wa mpira mbinye tumbo. Kidole kikizama pakabaki shimo, mpira huo umechoka, joto limeshamla. Kisha mshike mkia kwa vidole viwili pale unapoungana na kiwiliwili. Pakiwa panene mno, mkia hautocheza mpaka uvute mbio, na chewa si samaki wa kufukuza kitu mbio, yeye anakaa mlangoni kwake anangoja riziki ipite. Pakiwa pembamba mno, utacheza uzuri wa ajabu mpaka atokee samaki wa kwanza mwenye meno, hapo tena unarudi na kichwa kitupu.

Samaki wa viungo, yule mgumu aliyekatwa vipande vikaunganishwa kwa vijiti vya chuma, mning'inize kwa mkia umtikise. Viungo vilegee, lakini visigongane kwa kelele za sahani jikoni. Mlaze kwenye kiganja, msukume mkia upande mmoja. Mkia urudi wenyewe. Usiporudi, huyo ni mwanasesere, mpelekeeni mtoto nyumbani.

Na kuchagua baina yao hakuna ugomvi. Kwenye majabali, chewa yuko chini pangoni, mie nakupa wa mpira mwenye ndoana moja mgongoni, kwa sababu akigusa jabali anapita. Wa viungo ana ndoana tumboni na mkiani, na kila jabali linamtaka. Kwenye maji ya wazi, pale uma wamejaa juu, hao dagaa wetu wa huku, na kolekole wanawakimbiza, mchukue wa viungo ukaone kazi. Hilo ndilo jibu langu, na mngeweza kuishia hapa mkaenda zenu. Lakini mtu hachagui chambo kwa akili peke yake. Anachagua pia kwa mtu anayempenda, na hapo ndipo anapoingia Abdalla.

Abdalla ni kaka wa mke wangu Zuwena. Dukani nilimleta mwenyewe, kwa mkono wangu, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Zuwena alinishika kooni: "Baba Yusuf, ndugu yangu kakaa bure, hebu msemee kwa Mzee Khamis." Nikamsemea. Alianza kwa kufagia. Haukupita muda, wateja wakawa wanaingia wanauliza, "Abdalla yuko wapi?" na mie nimesimama mbele yao kama rafu ya duka.

Nisimpunje haki yake, ana mikono. Anamchukua samaki wa viungo aliyetoka kiwandani amekakamaa, anampiga msasa hapa kidogo, anamtoboa kwa kekee, anamtia risasi ya uzito tumboni, anaziba kwa gundi, na samaki anakuwa hai. Mie nikimtoboa samaki, anakuwa na tundu. Na juu ya mikono ana ulimi. Siku moja alikuja bwana mmoja kutoka Ibra, mtu mzima, mwenye hamu ya kujua. Nikamueleza habari ya kina cha maji, na nguvu ya fimbo yake, na kwamba chambo kizito kwenye fimbo nyepesi kitamvunjia fimbo kabla hajamuona samaki. Bwana ananisikiliza vizuri tu. Abdalla akapita na kikombe chake cha chai, akasema, "Huyo mwekundu, bwana, ndiye wako," akaendelea na safari yake. Bwana akamnunua mwekundu. Mie nilikuwa katikati ya sentensi, na sentensi ile mpaka leo sijaimaliza.

Na yule mteja wa Mudhaibi, mtu wa shamba, ngoja niwape kisa chake kwa sababu kina faida. Alipenda vyote, wa mpira na wa viungo, akawanunua, akawapanga pamoja kwenye sanduku moja la plastiki, akaliacha ndani ya gari siku za joto kali. Msimuone mjinga. Tende zake huziacha humo humo garini na zinazidi utamu, basi akaona gari ni ghala zuri kwa kila kitu. Aliporudi dukani akafungua sanduku, mlikuwa na halwa. Wa mpira wameyeyuka, wamekula rangi ya wale wa viungo, na ndoana zimezama humo kama lozi. Nikaanza kumfahamisha kwamba mpira laini na plastiki ngumu havilali kitanda kimoja, kwamba kila wa mpira abaki ndani ya mfuko aliokuja nao, na kwamba gari la huku kwetu Sharqiyah wakati wa kiangazi ni tanuri. Abdalla akaja akachungulia. "Bwana," akasema, "hii ingetiwa zafarani tungekula." Yule mtu akacheka mpaka akashikilia kaunta. Akanunua wengine, na akawanunua kwa Abdalla. Maneno yangu yote yalikuwa ya kweli, na mwenzangu alisema upuuzi mmoja tu. Niliumwa na roho wiki nzima, na Zuwena akanichemshia tangawizi akidhani ni tumbo.

Mzee Khamis alipofariki, Mungu amrehemu, watoto wake waligeuza duka likawa la simu. Mie nikabaki Sur. Abdalla akaenda zake Izki, kwenye shamba la mitende walilorithi kwa mama yao, na ndani ya shamba hilo inapita falaj, ule mfereji wa maji yanayotoka chini ya mlima. Hapo ndipo mambo yake yalipozidi. Mie nyuma ya nyumba yangu nina pipa la plastiki la maji ya bahari, ninayochota kwa ndoo, na Zuwena kila siku ananiuliza lini nitalitupa kwa sababu linatia mbu. Abdalla ana maji yanayokwenda yenyewe, safi, chini ya kivuli, na changarawe nyeupe chini yake. Mkitia samaki bandia humo na kumshika kwa mshipi, maji yenyewe yanamchezesha. Wala huna haja ya kuvuta. Kila samaki ni mzuri kwenye falaj, hata mwanasesere.

Watu wakaanza kutoka Nizwa, kutoka Samail, kwenda kupimiwa vyambo Izki. Habari zikanifika. Nikasema sendi. Kisha Zuwena akataka kumuona kaka yake, basi tukaenda, Jumatano moja, njia ya Ibra, mie naendesha kimya na yeye anajua kwa nini.

Tulifika baada ya alasiri. Nje ya shamba nililiona gari la Yusuf. Yusuf anafanya kazi serikalini, Nizwa, na asubuhi ile mama yake alimpigia simu kumwambia tunapita, akajibu kazi zimemzidi, hatoki ofisini mpaka jioni. Ndani tukamkuta amepiga magoti ukingoni mwa falaj, kanzu ameikunja, pamoja na wenzake kadhaa, na Abdalla amesimama ndani ya maji. Shemegi yangu hafanyi haya ovyo. Anapima vyambo kwenye zamu yake ya maji tu, pale maji yanapoingia shambani kwake, maana falaj ina wenyewe, na ukichezea maji ya zamu ya mtu utaitwa kwa wakili wa falaj, msimamizi wa maji, miguu haijakauka. Hata katika hilo hapatikani na kosa.

Kilichoniumiza ni uso wa Yusuf. Alikuwa anamtazama mjomba wake vile alivyokuwa akinitazama mie, zamani, nikimfungia ndoana yake. Sikuwa najua kwamba uso ule bado anao. Nilidhani ameuacha utotoni, kumbe ameuhamisha.

"Baba, shikamoo," akasema, akasimama haraka. "Sikujua mtafika mapema hivi."

"Marahaba. Nami sikujua kama kazi za ofisi siku hizi zinafanywa kwenye falaj."

Wenzake wakatazama chini. Abdalla akatoka majini akanikumbatia, akaulizia afya yangu, akaulizia mgongo wangu, akaulizia mpaka jirani yangu. Kisha akanionyesha alichokuwa anakifanya. Ijumaa Yusuf angetoka na boti la rafiki yake Salim kwenda kwenye majabali ya upande wa Ras al-Hadd kutafuta chewa, na Abdalla alikuwa amemtengenezea samaki wa viungo, mrefu kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole, rangi ya uma. Alimtia risasi kidogo kidogo mpaka akawa anashuka polepole mno, kama jani linalozama. Aliachiwa pale akashuka, akasimama katikati ya maji, akatikisa mkia. Wote wakasema mashallah. Mie mwenyewe ulimi ulitaka kusema, nikauuma.

Wa viungo, kwenye majabali. Hilo nikalimeza. Lakini la pili lilikuwa kubwa zaidi.

"Maji haya matamu," nikasema. "Baharini atapanda. Chumvi inambeba. Samaki anayeshuka polepole hivi hapa, kule atakaa juu, na chewa hatomuona."

Mmoja wa vijana alikishughulikia kikombe chake. Yusuf akatabasamu, lile tabasamu la mtu anayemuonea haya mzazi wake.

"Baba, wallahi hiyo wivu tu. Kila mtu anajua wewe na khali Abdalla."

Wakacheka wote, isipokuwa Abdalla. Yeye alisema, "Huenda, shemegi. Bahari iko kwako, utanipimia wewe. Mie hapa nina maji haya tu." Akanimiminia kahawa, mie kwanza kabla ya wote. Na kahawa yenyewe ilikuwa nzuri.

Vijana, wivu una hasara nyingi na hii ndiyo niliyoiona mie. Ukishajulikana nao, unasema jambo la kweli tupu na watu wanasikia wivu peke yake. Ningekuwa mtu mwengine yeyote, fundi wa mabomba, dereva wa teksi, nikasema chumvi inabeba, wangesema ala, kweli. Maji mazito yanambeba mtu, nyote mmeogelea, mnajua. Lakini nilisema mie.

Alhamisi kabla ya magharibi Yusuf alifika Sur na samaki wake ndani ya taulo. Nilimuomba, nikambembeleza khasa, tumtie kwenye pipa. Akakubali ili ninyamaze. Tukamtia. Samaki akashuka kidogo, akafikiri, akapanda, akakaa juu mgongo nje.

"Haya," nikasema. "Hebu mwangalie."

Yusuf akachovya kidole kwenye pipa akaonja. "Maji haya umechota lini, baba?"

Nikamwambia ni ya juzi juzi, na Zuwena kutoka dirisha la jikoni akasema yana mwezi.

"Basi jua limekausha maji, chumvi imebaki," Yusuf akasema. "Hii nzito kuliko bahari yenyewe. Khalas, haipimi kitu."

Nilikuwa nimelea mtoto mwenye akili, na jioni ile nilijuta kidogo. Nikamwambia niache basi nimzungushie risasi nyembamba kwenye ndoana ya tumbo, kazi ndogo, hata kuitoa baadaye ni kwa mkono. Akamfunika samaki kwa taulo. "Khali kapima mwenyewe, kakaa siku nzima. Usiiguse, baba, tafadhali."

Alipoingia ndani kusalimia, Zuwena alikuja akasimama karibu na pipa. "Baba Yusuf, hebu niambie leo. Ndugu yangu ana kosa gani?"

"Hana," nikamwambia. "Ndilo kosa lake."

Ijumaa sikualikwa, nilijialika. Baada ya sala ya alfajiri nilikuwa nimeshakaa ufukweni juu ya ndoo, na Yusuf hakuwa na moyo wa kuniacha. Yeye na Salim walipokuwa wanashusha boti majini, vitu vyote wamevirundika miguuni pangu, nikamfunua yule samaki nimuangalie. Kumtazama si kumgusa. Nikaona pete zake, zile pete ndogo za chuma zinazoshika ndoana, ni za kiwandani, nyembamba, na moja imeshaanza kufunua mdomo. Abdalla aliangalia vya ndani, vya nje akaviamini. Watu wenye vipaji wana tabia hiyo. Mie mfukoni sikosi koleo, na sikosi pete nene, kwa sababu pete ndiyo kitu cha kwanza ninachobadilisha kwenye chambo chochote kikubwa, kabla hata ya kukilipia, na nyinyi mfanye hivyo hivyo. Nikazibadilisha zote na ndoana nikazinoa. Pete zangu nzito kidogo kuliko zile, lakini si za kumzamisha samaki mkubwa hivyo. Nililijua hilo na halikunisikitisha. Nikamrudisha ndani ya taulo.

Jua lilikuwa limeshatoka tulipofika kwenye majabali. Bahari shwari, mlima nyuma yetu mwekundu. Yusuf akasimama mbele ya boti akarusha. Ni mrushaji mzuri, nilimfunza mie. Samaki akaanguka mbali, na Yusuf akangoja ashuke.

Hakushuka. Alilala juu pale mgongo nje, kama alivyolala kwenye pipa. Yusuf akavuta, akarusha tena, akangoja zaidi. Salim akanitazama. Mie nikatazama mlima. Nisiwafiche, nilikuwa na raha ambayo sikuipata tangu nistaafu. Nilikuwa nimeshatunga sentensi yangu, fupi, ya upole, ile ya kumkalia mtu moyoni mpaka uzee wake, na nilikuwa nangoja tu ageuke anitazame.

Uso wake ulianza kugeuka. Upande wa kulia uma wakaruka juu ya maji wote kwa pamoja, na pale alipolala samaki wa Abdalla maji yakapasuka. Kolekole alitoka chini na kichwa chake cheusi, akambeba samaki bandia mdomoni, akaingia naye ndani. Yusuf alivutwa mpaka magoti yakagonga ubavu wa boti.

Sentensi yangu ikapotea. "Inua fimbo," nikamwambia. "Usimpe jabali. Salim, rudi nyuma, mpeleke kwenye maji ya wazi." Na Yusuf akanisikia. Nilisema legeza, akalegeza, nikasema kaza, akakaza, nikamshika mkanda wa kiuno kwa mikono yote miwili, na kwa muda ule wote hapakuwa na mjomba wala falaj. Tulimtoa majini tukiwa tumelowa watatu sote, samaki amejaza boti kwa upana wake, ndoana moja tu imemshika pembeni ya mdomo.

Tukakaa chini tunahema, magoti yangu na ya Yusuf yanagusana. Akanitazama, akacheka, akapangusa mikono kwenye suruali, akatoa simu. Nilijua anampigia nani kabla hajabonyeza.

"Khali," akasema, na sauti ya Abdalla ikatoka ikajaa botini. "Khali, samaki yako imefanya kazi. Kolekole, mashallah, mkubwa kuliko mimi."

Abdalla akamshukuru Mungu, kisha akauliza, "Kampiga wapi? Chini?"

"La, juu. Haikuzama hata kidogo."

Abdalla akasema, "Nitumie picha ya mdomo wake." Yusuf akapiga picha akatuma. Tukangoja. "Pete hizo si zangu," Abdalla akasema. "Zangu zingenyooka samaki akaenda zake. Baba'ko yupo hapo?"

Yusuf akaitazama ile pete, akanitazama mie. "Mbona hukuniambia?"

"Uliniambia nisiguse."

"Shemegi," ikasema simu, "ulisema atapanda, akapanda. Nilisahau chumvi, na pete sikuziangalia. Yusuf, sikiliza, samaki huyu kavuliwa na baba'ko."

Mtadhani hapo roho yangu ilipoa. Haikupoa. Mtu anakiri kosa lake kwa sauti ya wazi, mbele ya mashahidi, mbele ya mtoto anayempenda, wala hakubabaika. Mie nilijaribu kujiona nikimwambia Abdalla maneno kama yale, nikashindwa hata kuyawaza. Nilikuwa nimeshinda kwa kila njia, na nimekaa juu ya maji namuonea gere mtu kwa namna alivyoshindwa.

"Kuanzia leo," Abdalla akaendelea, "vijana wakitoka kwangu nitawaambia wapite kwako wapime kwenye pipa."

"Waanze kwangu," nikasema.

"Shemegi. Watu wa Nizwa na Samail wende mpaka Sur, warudi Izki, kisha wende tena Sur?"

"Petroli yao."

Nikamsikia anacheka, na Salim anacheka, na Yusuf akakata simu akaitia mfukoni. Akamtoa yule samaki bandia mdomoni mwa kolekole, taratibu, kwa koleo langu, akamsuuza, akampindua tumbo juu kwenye kiganja chake. Akakaa anamtazama. Kisha akaninyooshea mie.

"Baba, tukitaka azame, tutie risasi wapi?"

Miaka yote hii nilikuwa nalingoja swali lile. Na lilipokuja, wallahi sijui ni kitu gani kilichonipanda kichwani.

"Muulize mjomba'ko," nikamwambia.

Yusuf akaitikia, akaingiza mkono mfukoni akaitoa tena ile simu. Nikamshika mkono kabla hajabonyeza.

"Kaa," nikamwambia. "Kaa hapa, nikuonyeshe."